Mabega mawili katika nyumba moja: la baba limeganda, la mwana linatoka

BARUA

Assalaam alaykum Daktari,

Mimi ni hamali wa mkokoteni, umri wangu ni miaka 54, mkaazi wa Majengo hapa Mombasa. Kwa miaka zaidi ya ishirini kazi yangu imekuwa kuteka maji na kuyapeleka majumbani na mikahawani kwa mitungi ya lita 20. Nina kisukari tangu miaka saba iliyopita, nacho nakitibu kwa vidonge.

Ni miezi mitano sasa bega langu la kulia linaniuma. Sikuanguka wala sikugongwa. Lilianza kidogo kidogo, usiku tu nikilalia upande huo, kisha likaanza kukaza. Leo siwezi kuvaa kanzu bila mke wangu kuniingiza mkono. Nikiinua mikono kwa takbira, wa kushoto unafika sikioni na wa kulia unakomea kifuani. Kutoa pesa mfuko wa nyuma ndiyo kabisa, nimehamishia mfuko wa shati.

Nilikwenda zahanati moja ya mtaani nikachomwa sindano begani, nikaambiwa ni ya maumivu. Usiku ule nililala vizuri, lakini sukari yangu ambayo huwa 8 au 9 ilipanda hadi 17 na ikakaa juu siku tano. Niliogopa, sikurudi tena. Jirani akaniambia hii ni baridi iliyoingia kiungoni kwa sababu ya kazi ya maji, akanishauri niufunge mkono kwa leso shingoni ili bega lipumzike. Hii ni wiki ya tatu nimeufunga. Maumivu yamepungua kidogo, lakini mkono umezidi kuwa mgumu.

La pili ni kijana wangu wa miaka 19, mlinda lango. Mwaka jana alikuwa akicheza ufukweni Pirates, akaangukia mkono ulionyooka na bega likatoka. Wenzake walimlaza mchangani, mmoja akamwekea mguu kwapani akavuta hadi likarudi, na hatukwenda hospitali. Wiki mbili zilizopita limetoka tena, mara hii alikuwa anarusha mpira tu, wakalirudisha vilevile. Tangu siku hiyo anasema ana ganzi upande wa nje wa bega, mahali padogo kama sarafu ya shilingi 20.

Nauliza: niendelee kuufunga mkono? Kuna mzee anayekanda viungo, je, twende kwake sote wawili? Na je, nitaweza kurudi kwenye mkokoteni?

Hamali wa Majengo

JIBU

Waalaykum salaam mzee wangu, na pole kwa miezi mitano ya kulala ubavu mmoja. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilidhani unaniuliza habari ya ugonjwa mmoja uliowapata watu wawili, na mara ya pili nikaona wazi kwamba nyumbani mwako kuna mabega mawili yenye maradhi yanayopingana. Lako limekaza na linataka kusogezwa kila siku. La kijana limelegea na linataka kwanza kutulizwa, kisha kutiwa nguvu. Ukimpa mwanao tiba yako, au ukajipa wewe tiba yake, kila mmoja atazidi kuumia, na nachelea kwamba jambo hilo limekwisha kuanza, kwa kuwa aliyefungwa leso ni wewe na anayeendelea kurusha mpira ni yeye.

Nitaanza na la kijana ingawa wewe umeliweka nyuma, kwa sababu ile ganzi haifai kungojewa.

Bega huenda pande nyingi kuliko kiungo kingine chochote mwilini, na ndiyo sababu pia hakuna kiungo kikubwa kinachotoka mahali pake kwa wepesi kama hicho. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kama chungwa, nacho kimeegemea sehemu ndogo ya kombe la bega iliyo bapa kama kisosi cha kikombe cha kahawa. Chungwa halikai juu ya kisosi peke yake. Linashikwa na ukingo wa gegedu unaozunguka kisosi hicho, na mfuko mgumu unaokifunika kiungo chote, na kano za misuli minne inayolikumbatia kwa mbele, juu na nyuma. Mtu anapoangukia mkono ulionyooka au ulioinuliwa, chungwa husukumwa mbele, na kwa vijana mara nyingi hutoka likiwa limeuchana ukingo ule. Wenzake waliporudisha mfupa walirudisha chungwa kwenye kisosi, lakini ukingo uliochanika hawakuweza kuurudisha, na kwa kawaida haushiki tena vizuri mahali pake wenyewe. Ndiyo maana mara ya kwanza ilihitaji kuanguka, na mara ya pili ikatosha kurusha mpira. Kwa kijana wa chini ya miaka 20 aliyetokwa na bega mara moja, uwezekano wa kutoka tena ni zaidi ya nusu, na kila linapotoka hulegea zaidi na kuukwangua mfupa.

Siwalaumu wale vijana, kwa sababu walimwona mwenzao anateseka na wakafanya walichokiona kikifanywa. Hata ile njia ya kuweka mguu kwapani na kuvuta ni kongwe, imo katika maandishi ya utabibu ya Wayunani yanayonasibishwa na Hippocrates, ya zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Hatari yake ni kwamba mtu aliye mchangani hana eksirei. Bega lililotoka na mfupa uliovunjika karibu na bega hufanana kwa macho, na mfupa uliovunjika ukivutwa unaweza kukata mshipa wa damu. Tena, kwapani ndiko inakopita mishipa yote ya fahamu inayoshuka mkononi, na mguu wa mtu mzima unaikandamiza vibaya. Mmoja katika mishipa hiyo huzunguka shingo ya mfupa wa mkono na kuja kutokea upande wa nje wa bega, pale pale anaposema pana ganzi. Kwa hiyo ile sehemu ndogo kama sarafu inatuambia kwamba mshipa huo umevutwa au umebanwa, ama bega lilipotoka, ama liliporudishwa.

Mara nyingi mshipa huo hupona wenyewe kwa wiki au miezi, lakini ni lazima daktari aupime sasa, aone kama msuli wa juu wa bega bado unakaza kijana anapojaribu kuinua mkono kando, ili baada ya wiki kadhaa ajue kama unarudi au haurudi. Mpeleke wiki hii, na mpige eksirei ya bega kutoka pande zaidi ya moja. Ikiwa mkono wake utakuwa wa baridi, au vidole vikibadilika rangi, au ganzi ikishuka kiganjani, basi usingoje hata kesho. Nakuomba pia umuulize jambo moja ambalo hukulitaja, nalo ni kama amewahi kuanguka kifafa, au kuamka asubuhi ameuma ulimi bila kujua sababu, kwa kuwa degedege nalo hutoa mabega, na hapo matibabu yanaanzia mahali pengine.

Likitoka kwa mara ya tatu kabla hajatibiwa, Mungu apishe mbali, asivutwe na mtu. Mkono uachwe katika hali ile ile anayoona nafuu, uwekewe mto au leso iliyokunjwa kati yake na mbavu, ufungwe usicheze, avuliwe pete na saa kabla vidole havijavimba, na asipewe chakula wala chai njiani, kwa sababu hospitalini huenda akahitaji dawa ya usingizi ndipo misuli ilegee na mfupa urudishwe bila nguvu nyingi. Mkirudi nyumbani atavaa kitambaa cha kuning'iniza mkono kwa wiki moja hadi tatu, si zaidi, huku akiendelea kukunja vidole, kiganja na kiwiko.

Kwa sasa asidake mpira, asirushe, na asining'inie chumani. Kwa umri wake, na kwa kuwa limetoka mara mbili, na kwa kazi ya kulinda lango ambayo ni kuangukia mikono kila siku, ningependa aonwe na mpasuaji wa mifupa ili wajadiliane kuhusu upasuaji wa kuushona ukingo uliochanika. Upasuaji huo si wa dharura wala si wa lazima kwa kila mtu. Fundi cherehani wa umri wako angeweza kuishi bila huo kwa mazoezi tu. Lakini mlinda lango wa miaka 19 asiyeshonwa huwa anacheza akingoja siku litakapotoka tena. Akishonwa, kwa kawaida ni miezi minne hadi sita kabla ya kurudi langoni. Atakaporudi, mwambie kocha wake kwamba Shirikisho la Soka Duniani, FIFA, lina mpango wa mazoezi ya kupasha mwili moto uliotungwa mahsusi kukinga mabega ya walinda lango, nao unafundisha kuimarisha ile misuli minne niliyoitaja na misuli inayoshika kombe la bega mgongoni.

Sasa tuje kwako.

Watu wengi husema "bega linauma" kana kwamba hiyo ni maradhi moja. Hamali aliyebeba mizigo miaka ishirini, kwa kawaida ningemshuku kano kwanza. Kano za ile misuli minne hupita katika ujia mwembamba chini ya paa la mfupa, na zikivimba au kulika kwa kazi ya kuinua mikono, mtu huhisi maumivu akiuinua mkono kando, kuanzia usawa wa kiuno cha shati hivi kufikia juu kidogo ya bega, kisha akipita hapo maumivu hupungua. Huyo mkono wake huweza kufika juu, ila njiani unauma. Na kano ikikatika kabisa, mara nyingi baada ya kuinua kitu kizito kwa ghafla, mkono hukosa nguvu: mwenyewe hawezi kuuinua, lakini mwingine akimwinulia unakwenda. Kukatika kwa ghafla kwa namna hiyo ni jambo la kumwona daktari katika siku chache, maana kano iliyokatika hujivuta nyuma, na ikikawia miezi huwa vigumu kuishona.

Lako halifanani na hilo. Fanya jaribio hili leo jioni pamoja na mkeo. Keti kitini, ubane viwiko vyote viwili mbavuni, uvikunje hadi mikono ielekee mbele kama mtu aliyeshika sinia, kisha ufungue vitanga kwenda nje kama mlango wa mbao mbili. Wa kushoto utafunguka vizuri. Wa kulia, kwa nilivyosoma, utafunguka kidogo na kukwama. Hapo mwambie mkeo aushike mkono wako na ajaribu kuufungua yeye pole pole, bila kutumia nguvu. Ikiwa naye anakwama mahali pale pale ulipokwama wewe, basi nguvu zako zipo, ila kiungo chenyewe ndicho kilichofunga.

Hilo huitwa bega lililoganda. Jina hilo lilitolewa mwaka 1934 na mpasuaji wa Boston, Ernest Codman, ambaye alikiri kwamba ugonjwa huu ni mgumu kueleza na mgumu kutibu, na hata leo chanzo chake hakijafahamika chote. Kinachojulikana ni kwamba ule mfuko unaokifunika kiungo huvimba, kisha unakuwa mnene na kusinyaa, kama kitambaa cha marekani kilichorudi baada ya kuloweshwa. Hushika zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, wanawake zaidi ya wanaume, na wenye kisukari zaidi ya wote. Katika watu 100 wa kawaida huwapata wawili hadi watano katika maisha yao. Katika watu 100 wenye kisukari huwapata kumi hadi ishirini. Kwa hiyo mwambie jirani yako, kwa heshima, kwamba baridi ya maji haina kosa hapa. Kama kuna cha kushukiwa katika maelezo yako, ni sukari, na kama hujapimwa tezi ya shingo, waombe wakupime, kwa sababu maradhi ya tezi hiyo nayo huandamana na bega la namna hii.

Mwendo wake una vipindi vitatu, na kuvijua kutakuondolea hofu. Kwanza ni miezi ya maumivu makali, hasa usiku. Kisha maumivu hupungua lakini mkono hukaza, na nadhani hapo ndipo ulipo. Mwisho huanza kulegea kidogo kidogo. Yote huchukua mwaka mmoja hadi mitatu, na kwa mwenye kisukari huweza kukawia zaidi au kubaki na ugumu kidogo. Najua miaka ni maneno mazito kwa mtu anayeishi kwa kazi ya siku. Sikuyaficha kwa sababu aliyeahidiwa kupona kwa wiki mbili huacha matibabu wiki ya tatu.

Leso ile ifungue leo. Kumning'iniza shingoni mkono wa kijana aliyetoka bega ni tiba, lakini kuung'ang'aniza mkono ulioganda usisogee ni kuusaidia ule mfuko uzidi kusinyaa. Nafuu uliyoipata ni ya kweli, kwa kuwa kiungo kisichosogea hakiumi, ila unailipia kwa ugumu.

Kuhusu ile sindano, naomba nikae hapo kidogo, kwa sababu ulitendewa jambo lisilo sawa. Kwa kupanda kwa sukari kwa siku tano, inaelekea sana kwamba ulichomwa steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, na steroidi ndani ya kiungo ni tiba inayokubalika kwa bega lililoganda, tena husaidia zaidi ikichomwa mapema wakati maumivu ni makali. Kosa halikuwa dawa. Kosa lilikuwa kutokukuuliza kama una kisukari, na kutokukuambia kwamba dawa hii huipandisha sukari kwa siku kadhaa, pengine wiki au zaidi, ili uipime mara nyingi na ujue la kufanya ikizidi. Una haki ya kulijua jina la kila kitu unachochomwa. Ukipewa ushauri wa kuchomwa tena, usikatae kwa hofu: waeleze hali yako, waandike jina na kipimo katika kitabu chako cha kliniki, na mkubaliane siku gani utapima sukari na kiwango gani kikifika urudi. Sindano za maumivu za kwenye makalio, kama za diclofenac, ambazo watu huchomwa madukani wakachomwa tena kesho, hizo sikushauri kabisa. Dawa za jamii hiyo, hata zikiwa vidonge, huumiza figo, na figo za mwenye kisukari zinahitaji kulindwa. Kwa maumivu ya kawaida anza na paracetamol, vidonge viwili vya miligramu 500 kwa wakati mmoja, visizidi vinane kwa siku nzima, ikiwa ini lako ni zima. Chupa ya maji moto iliyofungwa taulo, dakika kumi na tano kabla ya mazoezi, hulegeza vizuri, lakini mkeo aupime moto kwa mkono wake kwanza, maana ngozi ya mwenye kisukari wakati mwingine haihisi inapoungua.

Mazoezi ndiyo kazi yenyewe, na ni madogo. La kwanza linahusishwa na yule yule Codman: simama karibu na meza, uegemee kwa mkono wa kushoto, uiname kidogo na uuache wa kulia uning'inie mzito kama ndoo kisimani, kisha uyumbishe kiwiliwili ili mkono ucheze mbele na nyuma, halafu uzunguke, bila wewe kuusukuma. Dakika mbili, mara tatu kwa siku. La pili, keti mezani, uweke kitanga cha kulia juu ya kitambaa laini, ukiteleze mbele kwa kuinamisha kifua hadi uhisi kuvutika, uhesabu hadi ishirini, urudi. La tatu ni la fimbo. Lala chali, viwiko mbavuni, ushike mpini wa ufagio kwa mikono miwili, na mkono mzima wa kushoto uusukume wa kulia kwenda nje, pale pale ulipokwama kwenye jaribio. Hili la tatu ndilo ambalo watu huliacha kwa sababu halifurahishi, na ndilo ninalokuomba usiliache. Kipimo cha kujua umezidisha ni hiki: kuvutika na maumivu ya wastani wakati wa zoezi ni sawa, lakini yakiendelea zaidi ya saa moja hivi, au yakikuamsha usiku huo, kesho punguza nusu. Waswahili walisema haba na haba hujaza kibaba, na mfuko wa kiungo hurefuka kwa haba kweli kweli. Mkivuta kwa nguvu, huvimba upya.

Kwa sababu hiyo hiyo, mzee wa kukanda viungo asiwavute. Kwako wewe, kukandwa kwa mafuta shingoni, mgongoni na kwenye misuli ya mkono si vibaya, kunapumzisha, na heshima yake iko pale pale. Lakini akisema ataufungua mkono mara moja, mshukuru na uondoke, kwani bega lililoganda likilazimishwa bila dawa ya usingizi huweza kuchanika kano au hata kuvunjika mfupa. Kijana asiguswe hata kwa mafuta mpaka eksirei ionekane na mshipa upimwe. Badala yake nendeni katika idara ya fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, ya hospitali ya umma. Hospitali Kuu ya Pwani, ile ambayo sisi tumezoea kuiita Makadara, iko karibu nanyi, nayo ina wapasuaji wa mifupa pia. Kila mmoja wenu apewe daftari lake na mazoezi yake, yasichanganywe.

Yako mambo machache ambayo yakitokea hayahusu tena bega. Maumivu ya bega au mkono yanayokuja na kubanwa kifua, jasho jembamba au pumzi kukatika ni ya moyo hadi ithibitike vingine, na mwenye kisukari hushambuliwa na moyo wakati mwingine bila maumivu makali ya kifua, kwa hiyo usijipake mafuta ukalala. Bega lililovimba, lenye moto, pamoja na homa, huenda lina usaha ndani na linatakiwa kuonwa siku hiyo hiyo. Maumivu yanayoanzia shingoni na kushuka hadi vidoleni kwa ganzi mara nyingi ni ya mishipa ya fahamu ya shingo. Na akiwapo jamaa yenu aliyeanguka na bodaboda akaangukia ncha ya bega, ukaona mtulinga umepinda au umenyanyuka mwisho wake kama kitufe, huyo ana jeraha jingine ambalo mara nyingi hupona kwa kuning'iniza mkono tu, ila nalo lipigwe eksirei.

Sasa swali lako la mkokoteni. Tuseme mkokoteni umebeba mitungi 16 ya lita 20: hizo ni kilo 320 za maji, bila kuhesabu mbao na magurudumu. Kinachoumiza bega zaidi katika kazi hiyo, kwa nilivyowaona mahamali wakifanya, si kusukuma barabara tambarare. Ni ule mtungi unaonyanyuliwa kutoka kwenye mkokoteni kwa mkono mmoja uliotengana na mwili, na kupandishwa ngazini ukiwa umening'inia, na ni mishikio iliyo juu mno kiasi kwamba mtu husukuma kwa viwiko vilivyopanda. Mwambie fundi wako ashushe mishikio iwe usawa wa viwiko vyako ukisimama wima. Sukuma, usivute kwa nyuma. Mtungi uukumbatie kwa mikono miwili ukiwa umegusa tumbo, na ngazini peleka nusu mtungi mara mbili. Tairi zijazwe upepo kila asubuhi, kwa sababu tairi iliyolegea huongeza mzigo usiolipwa na mteja. Na usilalie bega hilo usiku. Lala ubavu wa kushoto umekumbatia mto, ili mkono wa kulia usivutwe chini.

Kwa miezi miwili au mitatu ijayo ningependa uwe na mshirika wa kunyanyua mitungi, wewe ubaki kwenye kusukuma na kukusanya pesa, hata ikiwa mapato yatagawanywa. Najua hilo si jambo dogo nyumbani, na kijana wako hawezi kuwa mshirika huyo kwa sasa kwa sababu bega lake lina shida yake. Siku utakapoweza kuufungua mkono wa kulia angalau nusu ya ufungukavyo wa kushoto, bila kuamka usiku, ndipo uanze mazoezi ya nguvu: kata ukanda wa raba ya tyubu ya baiskeli, ufunge kwenye kitasa cha mlango, uweke kitaulo kilichokunjwa kati ya kiwiko na mbavu, uvute raba kwenda ndani na kisha kwenda nje, mara kumi na tano kila upande. Ukiweza hivyo wiki sita mfululizo, beba mitungi minne kwa safari za karibu, uone bega litakavyokuwa asubuhi yake, kisha uongeze miwili kila wiki.